Kifimbo Kisichojua Bega

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumanne, mama alimpa baba kikombe cha chai na mkono wa kulia wa baba haukukipokea. Muda huo nina uhakika nao. Kikombe kilipoanguka chai iliimwagikia redio ya mteja niliyokuwa nimeifungua mezani, na mimi huandika saa ya kila hitilafu. Niliandika hitilafu ya redio. Ya baba niliitambua dakika kama mbili baadaye, alipotaka kunilaumu kwa kuweka redio mahali pa kikombe na maneno yakamtoka yamelala upande.

Hospitalini walisema ni kiharusi, na kwamba tuna bahati kwa sababu ni kidogo. Baada ya majuma matatu maneno yalirudi yote, pamoja na matusi. Mguu ukarudi. Mkono wa kulia ulibaki ukining'inia, vidole vikifunga na kufungua kwa uvivu, bega likiwa limekufa kabisa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alitupa karatasi yenye michoro ya mtu asiye na uso. Agizo la kwanza lilikuwa kunyanyua mkono mara kumi, asubuhi, mchana na jioni.

Baba aliitazama michoro ile akaniuliza, "Mimi ni mwanafunzi? Nanyoosha mkono kuomba ruhusa ya kwenda chooni?"

Karatasi ikaenda kukaa chini ya mguu mfupi wa kabati.

Kama lingekuwa suala la chai tu, tungemnunulia kikombe chenye masikio mawili na mambo yangeisha. Lakini mdogo wangu wa mwisho, mwalimu huko Kisaka, alikuwa amechumbiwa, na ng'ombe wangefika nyumbani kwetu Nyangoto baada ya miezi mitatu. Katika boma letu siku hiyo ina utaratibu wake. Mkuu wa boma husimama kwenye lango la zizi akiwa na fimbo mkono wa kulia. Wakwe hupitisha ng'ombe mmoja mmoja. Fimbo ikinyanyuka hadi usawa wa bega, ng'ombe anaingia. Fimbo ikishuka chini, ng'ombe anarudi alikotoka. Hakuna neno linalosemwa. Mkuu akishindwa, fimbo hupokewa na anayemfuata kuzaliwa, na ikishapokewa mbele ya wakwe hairudi tena. Kuanzia siku hiyo mashamba, ugomvi na ndoa huamuliwa na huyo aliyeipokea.

Aliyemfuata baba kuzaliwa ni baba mdogo, ambaye alianza kuja kutuona kila Jumapili. Mara ya kwanza alikuja na ndizi. Mara ya pili alikuja na fimbo mpya, imepakwa mafuta.

"Kaka, wewe pumzika," alisema kwa upole. "Siku hiyo nitasimama mimi. Fimbo ninayo."

"Naiona," baba akajibu. "Fimbo unayo. Boma ndilo huna."

Alipoondoka baba aliutazama mkono wake kama mtu anayemtazama mfanyakazi aliyemwamini kwa miaka mingi. Kisha akaniambia kitu ambacho hajawahi kuniambia kabla wala baadaye: "Tengeneza hii." Baba hakuwa na imani na kazi yangu. Alisema mtu anayetengeneza redio anatengeneza kelele. Kwa hiyo nililichukua ombi lile kwa uzito wake.

Nilianza na kipimo, kwa sababu kitu kisichopimwa hakitengenezeki. Ukutani sebuleni nilichora mistari saba kwa mkaa, wa kwanza usawa wa mkanda wa baba, wa saba usawa wa msumari anaotundikia kofia. Wa nne ulikuwa usawa wa bega: ndio mstari wa ng'ombe. Siku ya kwanza vidole vyake vilifika mstari wa pili kasoro kidogo. Mama alitazama ukuta aliokuwa ameupaka chokaa kwa ajili ya wageni wa harusi, akanitazama mimi, akaenda jikoni.

Kisha nikatafuta dawa. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba wapo wagonjwa wa kiharusi huko nje wanaofanyishwa mazoezi kwa gemu za televisheni, zile ambazo huchezi kwa kubonyeza tu bali kwa kupunga kifaa hewani, na televisheni inaiga unavyopunga. Vijana wa huku gemu wanaijua: wanakaa kwenye benchi, shingo mbele, vidole gumba vinafanya kazi na mwili mwingine umelala. Hiyo ya kupunga nilikuwa sijaiona. Ilikuwa imetoka zamani na dunia ilikwisha kuichoka, na hiyo ndiyo hali ambayo vitu vingi hutufikia.

Niliipata Sirari, kwa muuza mitumba ya umeme aliyetoka upande wa pili wa mpaka. Sanduku dogo jeupe na vifimbo viwili vyeupe, kila kimoja ukubwa wa rimoti.

"Mzee, hii si ile ya kukaa kaa," alisema. "Hii unasimama kama mtu! Unapiga tenisi, unapiga ngumi, jasho inatoka. Fanya laki tatu."

"Kuna kitu kinapungua," nikamwambia. "Kuna ufito unaowekwa mbele ya televisheni, unatoa mwanga usioonekana. Kifimbo kinautafuta huo ili kijue kimeelekezwa wapi."

Alinitazama kwa huzuni ya mtu aliyekutana na mteja anayesoma. "Basi laki mbili na arobaini," akasema.

Nyumbani nilikifungua kifimbo kimoja kabla ya kukitumia. Ndani mlikuwa na kitu kidogo kuliko punje ya mhindi ambacho kazi yake ni kuhisi kusukumwa. Hakioni, hakijui mkono ni nini. Kinahisi kwamba kimesukumwa, kwa nguvu kiasi gani na kuelekea wapi, basi. Jambo hilo nililiandika kwenye daftari siku ile ile, kwa mwandiko mzuri. Kulielewa kulinichukua mwezi.

Kuhusu ufito uliopungua, nilifikiri hivi: kinachotafutwa ni alama mbili za mwanga wa joto, na mwali wa moto unatoa mwanga huo. Nikawasha koroboi mbili, nikaziweka kulia na kushoto mbele ya televisheni yetu ya chogo. Ilifanya kazi bila kasoro. Nilikuwa bado ninafurahi pale mama alipoingia na akina mama wawili wa kanisani, saa nane mchana, jua kali nje, wakamkuta mume wake amesimama mbele ya televisheni katikati ya mioto miwili, mkono umenyooshwa mbele kama anayebariki.

"Mmeanza lini kuiabudu?" mama akauliza.

"Ni mazoezi," nikasema.

"Hata walioabudu ndama walikuwa na maelezo," akasema mmoja wa wageni, na hawakukaa kunywa chai.

Siku hiyo ya kwanza niliona matumaini. Kifimbo kina kamba ya kuvaa mkononi ili kisiruke. Baba alipofungwa alilalamika, "Umenifunga kama ndama." Kwenye televisheni akatokea mtu mdogo mwenye kichwa cha mviringo na kiwiliwili, lakini bila mikono. Viganja vilielea tu hewani pembeni yake.

Baba alimchunguza. "Huyu naye kapata kiharusi?"

"Ndivyo walivyomtengeneza, tata," nikasema. Tata ndivyo tunavyomwita baba kwa Kikurya, hasa tunapohitaji kitu.

"Hana mkono hata mmoja na amesimama uwanjani. Basi lete mpira."

Mpira ukaja. Baba akausukuma mkono kutoka begani, kwa shida, meno yameumana, na yule mtu mdogo akapiga mpira ukarudi ng'ambo. Nimeishi na baba miaka hamsini na miwili na sikuwahi kumwona ameshangaa. Aliutazama mkono wake, akaitazama televisheni, akasema taratibu, "Umeenda."

Kwa juma zima alisimama. Kwa juma zima alitoka jasho. Vidole vikafika mstari wa pili, kisha vikaupita kwa upana wa kidole. Nilianza kuamini kwamba nitakuwa mtu wa kwanza katika kata yetu kutibu bega kwa betri.

Juma la pili alianza kushinda. Juma la tatu alikuwa akishinda kila mara, hata alipopandishwa daraja na kupewa wapinzani wakali. Jioni alinisomea matokeo, mimi nikayaandika. Upande wa kushoto wa daftari ushindi ulipanda kama bei ya saruji. Upande wa kulia, kwenye kipimo cha ukuta, mkono haukusogea hata unene wa mstari wenyewe. Nilihakikisha mistari haijahama. Nilipima urefu wa baba, labda amefupika. Nilifikiria hata kwamba nyumba imetitia.

Ukweli niliupata kwa bahati. Nilirudi nyumbani mchana kuchukua kipima umeme nilichosahau, nikamkuta baba ameketi kwenye kochi, miguu juu ya stuli, kofia imefunika jicho moja. Kifimbo kilikuwa mkono wa kushoto, juu ya paja. Mpira ulipokuja alikitikisa kidogo, kama anayefukuza nzi asiyemkera sana. Kwenye televisheni yule mtu mdogo aliruka, akajinyoosha, akapiga pigo la kutisha. Watazamaji wakashangilia.

"Tata!"

"Usipige kelele, napokea tuzo."

"Hufanyi mazoezi."

"Mashine hii haioni," alisema, kama mtu anayetoa siri ya familia. "Haijui kama nimekaa. Haijui mkono gani. Nikipiga kwa nguvu zote, inapiga. Nikitingisha tu, inapiga vilevile. Sasa kwa nini nitoke jasho?"

"Ili bega lipone."

"Mashine imeridhika. Wewe una malalamiko gani?"

Yote aliyoyasema nilikuwa nimeyaandika mwenyewe kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Wahandisi walifikiri mtu akipewa kitu cha kupunga atapunga. Hawakumfikiria mtu aliyechunga ng'ombe miaka sitini bila kupiga hatua isiyo ya lazima.

Nilijaribu kumzidi akili. Nilikata mpira wa ndani wa baiskeli nikafunga kifimbo juu ya kiwiko, karibu na bega, ili mpira wa tenisi usiende bila bega kwenda. Nilidhani hapo nimefika. Baada ya siku mbili nilimkuta anajipiga kofi kwenye mkono, palepale kilipofungwa, kama anayeua mbu. Kila kofi lilikuwa alama. Nilikifungua nikakirudisha kiganjani, na siku ya ng'ombe ilibakiza miezi miwili.

Kilichofuata hakikutoka kwangu. Baba ana mwenzake wa rika, walitahiriwa msimu mmoja, na watu wa namna hiyo wana ruhusa ya kuambiana lolote. Alifika na bakora yake kumwona mgonjwa, akakuta mgonjwa ni bingwa.

"Nipe hicho kingine," alisema.

Yule mzee alicheza jinsi watengenezaji walivyokusudia. Alijipanga, akavuta mkono nyuma hadi kisogoni, akaachia pigo ambalo lingemwangusha beberu. Alikosa mpira, akaiangusha kofia ya baba kutoka kwenye msumari, akagonga ukuta kwa vifundo vya vidole mpaka damu ikatoka. Ng'ambo, baba alikuwa amekaa. Tik. Alama. Tik. Alama.

"Mura, unapigana na nani?" baba akamuuliza, akimwita kijana kwa Kikurya. "Niko huku."

"Mimi nimecheza! Wewe umetingisha tu!"

"Ubao unasemaje?"

Yule mzee aliutazama ubao, akalamba damu, kisha akaona kitu kingine, na sauti yake ikabadilika. "Hebu ngoja. Umenipiga kwa mkono wa kushoto?"

Baba akaushusha mkono huo juu ya paja.

"Mtu wa rika langu hanipi kitu kwa mkono wa kushoto. Hanisalimii kwa mkono wa kushoto. Leo unanipiga nao, nyumbani kwako, mbele ya mtoto wako? Umeniona mimi choo?"

Mtoto aliyetajwa, mwenye mvi, aliinamia daftari lake. Baba alikiangalia kifimbo, akavuta pumzi, akakihamishia mkono wa kulia. Maagizo ya mtaalamu hayakufanya hivyo, wala mistari yangu saba, wala mpira wa baiskeli. Mchezo uliofuata alishindwa vibaya, na mwenzake alicheka hadi akakohoa. Kesho yake mwenzake alirudi. Na keshokutwa. Kwa mwezi na nusu nyumba yetu ilikuwa na mzee mmoja aliyekaa na mzee mmoja aliyerukaruka, na matusi ambayo mama aliyafungia mlango wa jikoni.

Mkono wa kulia ulifanya kazi, lakini kwa masharti ya baba. Bega halikuguswa. Kilichoamka ni kifundo cha mkono. Kilianza kulegea, kisha kikawa chepesi, kisha kikawa kitu cha kuogopesha. Kwa mzunguko mdogo wa kifundo baba aliweza kupeleka mpira pembe yoyote ya uwanja. Vidole vilishika sawasawa. Ukutani, hata hivyo, usiku wa kuamkia siku ya ng'ombe, mkono ulisimama katikati ya mstari wa pili na wa tatu. Mstari wa nne ulikuwa bado mbali. Nilimwambia ukweli.

"Nimeona," alisema. "Sikuhitaji mkaa."

Ng'ombe walikuja kwa lori kutoka Kisaka, wakashushwa barabarani, wakaswagwa hadi kwetu. Walikuwa kumi na mbili. Baba alisimama kwenye lango la zizi, mwenzake wa rika kulia kwake. Kushoto, nusu hatua nyuma, alisimama baba mdogo na fimbo yake iliyopakwa mafuta, akiwa ameshaanza kuinyoosha kidogo kidogo. Wakwe walijipanga upande wa pili. Mdogo wangu alikuwa dirishani, anang'ata kucha, kwa sababu alikuwa amemwahidi mchumba wake kwamba wazee wetu si wagumu.

Ng'ombe wa kwanza akapitishwa. Kila mtu akaangalia fimbo.

Baba alikuwa ameilaza begani, kitako chake kimekaa kwenye kiganja cha kulia usawa wa mkanda. Mkono haukunyanyuka. Nilimwona baba mdogo akisogea. Kisha kifundo cha mkono kikazunguka, tik, na ncha ya fimbo kule juu ikaruka shibiri moja kuelekea zizini.

Wakwe wakatazamana.

"Amekubali au amekataa?" msemaji wa wakwe akauliza.

"Amekubali," akasema mwenzake wa rika. "Msitake arudie."

Wa pili, tik. Wa tatu, tik. Baba alikuwa anatazama mbele, macho nusu yamefungwa, kama alivyokuwa anatazama televisheni. Wa saba alikuwa ng'ombe mkongwe, mbavu nje, anachechemea mguu wa nyuma. Ncha ya fimbo iliruka upande wa pili, kuelekea barabarani, haraka kiasi kwamba waliopepesa macho hawakuiona. Niliwasikia wakwe wakinong'onezana.

"Mzee amekasirika."

"Hata mkono hainui. Ametudharau."

"Nilikuambia yule mkongwe tumwache."

Msemaji wao akamfuata baba mdogo pembeni, akamuuliza kwa sauti ya chini kama kuna kosa lililofanyika, maana wao wamezoea kuona fimbo ikinyanyuliwa. Miezi mitatu ya Jumapili ilikuwa kwenye ulimi wa baba mdogo. Angesema tu, kaka yangu ni mgonjwa, hawezi. Alimtazama msemaji, akatazama lango, ambako kaka yake alisimama peke yake na kundi zima la watu likisubiri kifundo chake.

"Kaka yangu ndivyo alivyo," akasema. "Mkono huunyanyua akikasirika. Shukuruni hajaunyanyua."

Wakwe wakapiga simu. Kabla ya saa kumi akaletwa mtamba mwenye afya badala ya mkongwe. Tik.

Jioni baba mdogo alikula kwetu, na fimbo yake aliiegemeza nje, kama mgeni. Siku chache baadaye mtaalamu wa mazoezi alimpima baba akashangaa: kifundo cha kijana, bega la marehemu. Aliuliza tulimfanyisha nini. Nilimweleza kwa utaratibu, pamoja na koroboi, naye aliacha kuandika mapema kuliko nilivyotarajia. Mama alipaka chokaa upya juu ya mistari yangu, na bila kumuuliza mtu aling'oa msumari wa kofia akaupigilia chini, kati ya mstari wa pili na wa tatu. Tangu hapo baba hutundika kofia yake mwenyewe. Kazi hiyo ilimchukua mama dakika moja na haikuhitaji betri.

Mtamba yule, kwa bei ya mnadani, alizidi thamani ya mkongwe kwa mbali. Niliona ni wakati mzuri wa kumpelekea baba hesabu yangu: mashine, nauli ya Sirari, betri, mafuta ya taa ya koroboi. Nilimsomea kila kitu, nikamweleza kwamba siombi faida.

Alisikiliza mpaka mwisho. Mkono ulikuwa umelala juu ya paja. Kifundo kikazunguka, tik, kuelekea barabarani.

Hasara yangu ni shilingi laki mbili themanini na saba elfu na mia tano.